Kufuli kwa Nje

Kabla hamjamcheka mwanamke aliyefungiwa kufuli ndani ya nyumba yake, na mumewe, kwa ombi lake mwenyewe, Ijumaa asubuhi kweupe, nisikilizeni kwanza. Mlango ule haukuwa wake. Ulikuwa wa watu wote. Yeye ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, na cherehani yake iko kwenye chumba cha mbele kati ya vyumba viwili wanavyopanga, katika nyumba yenye wapangaji sita na ua mmoja. Cherehani ikilia, watu wanaingia kwa sababu wanajua yupo. Isipolia, wanaingia kuuliza kwa nini hailii. Hata jina lake walishaliacha zamani. Kila mtu anamwita Fundi, mumewe akiwemo.

Jirani wa ukuta kwa ukuta wanamwita Redio kwa sababu hazimwi. "Fundi, nakuachia huyu dakika mbili," husema, akimtua mtoto wake juu ya vitambaa vya watu, na dakika mbili za Redio zina saa tatu ndani yake. Mwingine anataka pasi. Mwingine kaleta shati libandikwe kifungo kimoja, "si kazi hiyo, Fundi, ni kugusa tu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ungemwona Fundi akicheka na kila aingiaye, ungesema mama yule ana raha zake.

Basi, wiki moja kabla ya Ijumaa hiyo, Fundi alimpiga binti yake kwa rula.

Si rula ya daftari. Ni ile ya mbao, ya mita moja, ya kupimia vitambaa. Binti ana miaka tisa, na tangu mdogo wake Bonge aanze kuongea, nyumba nzima inamwita Dada. Kosa lake lilikuwa kuuliza mara tatu soksi zake ziko wapi. Rula ilimpata mkononi, juu ya kiwiko. Dada hakulia. Alimtazama mama yake kidogo, kisha akamwinua Bonge, akambeba mgongoni, akatoka naye uani ili ndani kuwe kimya. Fundi alibaki ameishika rula, mkono unamtetemeka. Alama nyekundu aliiona, na ilimuuma. Lakini kilichomtisha ni kwamba, kwa nukta moja, pigo lile lilikuwa limempa nafuu. Kesho yake akaenda zahanati, akijiambia anakwenda kwa sababu ya kichwa.

Nesi alimpima presha, kisha akaipima tena.

"Mama, unalala?"

"Nalala."

"Saa ngapi kwa usiku?"

Fundi akafikiri. "Zikipatikana, nne."

"Vidonge nitakupa. Ila dawa nyingine haiko kwenye kabati langu. Tafuta siku moja, ukae peke yako, usifanye kitu chochote."

"Nikae wapi?"

"Si nyumbani kwako?"

Fundi alicheka mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakageuka.

*

Jumapili mchana mumewe alikuwa amekaa kizingitini, anajisugua vidole kwa mafuta ya taa. Kazi yake ni kupaka rangi, na rangi ya nyumba za watu huwa haimtoki mpaka aanze nyumba nyingine. Watoto walikuwa uani.

"Nataka siku moja," Fundi akamwambia.

"Siku ya nini?"

"Ya kupumzika. Hapa hapa nyumbani. Peke yangu."

Mume yule si mtu mbaya, na nalisema hili mapema msije mkamtwika lawama zisizo zake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kujikagua. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Wanao je?"

"Hawajanikosea."

"Sasa peke yako, peke yako vipi? Si bora uende kwa dada yako ukatulie huko?"

"Nikienda kwa dada yangu nitapika."

Hilo hakuweza kulipinga. Akasugua kidole gumba kwa muda mrefu. "Basi jifungie kwa ndani."

"Redio atagonga mpaka bawaba zitoke. Atasema nimekufa."

"Kweli, huyo atavunja."

"Nifungie kwa nje," Fundi akasema. "Kufuli. Uondoke na ufunguo. Wakiona kufuli watajua nimesafiri."

Mume akaanza kucheka. Alipomtazama usoni, kicheko kikamkauka. "Na choo?" akauliza, maana choo cha wapangaji wote kiko ng'ambo ya ua.

"Ndoo."

"Ndoo, Fundi?"

"Ina mfuniko."

Mwanamume alitazama chini. Amepaka rangi nyumba zenye vyoo vitatu, vingine havijawahi kukaliwa na mtu, na mkewe hapa anamwomba ndoo. Aliona haya, na kwa sababu ya haya hiyo akakubali bila kubishana zaidi. Wakapanga. Bonge atapelekwa kwa wifi yake Fundi asubuhi. Dada atakwenda shule kama kawaida, na babake atamchukua saa kumi kamili getini, ampeleke naye kwa shangazi yake mpaka jua litue. Kufuli atalifungua saa kumi na moja.

"Dada tumwambie?" mume akauliza.

"Thubutu! Mtoto yule hana kifua. Redio atamuuliza mara moja tu, atamwaga yote."

Wifi alipoombwa alitaka kujua kama Fundi anaumwa. Kaka yake akamwambia hapana, amechoka. "Amechoka!" wifi akasema. "Sisi wengine kumbe tumelala." Lakini Bonge alimpokea.

*

Ijumaa, saa mbili kasoro, Dada alikwishaondoka na mkoba wake. Mume akamweka Bonge begani, akatazama kushoto na kulia kama mwizi, akafunga kufuli. Fundi aliusikia ufunguo ukitoka.

Alikuwa amejiandaa. Chupa ya chai, nusu mkate, beseni la kulowekea miguu, chumvi, na sabuni ya maua aliyopewa zawadi miaka miwili nyuma, ambayo alikuwa akiitunza kwa siku asiyoijua. Mteja wake mmoja aliwahi kumsimulia kwamba kuna mahali watu wanalipa pesa nyingi ili walazwe chali na kukandwa, kisha wageuzwe, wawekewe mawe ya moto mgongoni. Fundi aliwaza wakati ule kwamba mawe mgongoni yeye anayo tayari, mtu anayemtafuta ni wa kuyatua.

Nusu saa ya kwanza hakujua afanye nini. Akakaa sakafuni kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa majoho ya kwaya yasiyopindwa. Mikono ikawa inatafuta kazi yenyewe. Mara inaokota uzi, mara inanyoosha ukosi. Akachukua shuka, akaifunika cherehani, akaona afadhali. Akaingiza miguu ndani ya beseni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na visigino vyake, alivyovitazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, vilikuwa vimepasuka vibaya. "Jamani," akaviambia kwa sauti ya chini.

Kisha wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa Redio. "Fundi! Fundi wee!" Kimya. "Mtume! Kufuli?" Akalitikisa. "Kaenda wapi huyu bila kuaga? Na mimi mtoto nimwache wapi?"

Akaja mwenye pasi. Akaja mwenye zipu. Akaja msichana wa chumba cha mwisho kutaka chumvi. Saa nne akaja Mama Kwaya mwenyewe, kiongozi wa waimbaji, ambaye akitembea unasikia hata pumzi yake inapiga sauti ya kwanza.

"Jumapili tunaimba tumevaa nini?" akauliza.

"Kaondoka," Redio akasema. Redio akiulizwa asilolijua hukosa raha mpaka alitunge. "Mimi si msemaji, lakini kaondoka. Alfajiri nimemwona na begi."

"Begi?"

"Begi hivi! Kaacha mume. Wiki iliyopita nilisikia anavyofoka humu ndani. Mwanamke akifika pale, dada yangu, ujue kamba imekatika."

"Maskini," Mama Kwaya akasema. Kisha, baada ya kunyamaza kwa heshima: "Lakini angeniachia majoho."

Fundi alikuwa ameuma taulo. Mwanzoni alikuwa anazuia kicheko. Alingoja wamalize habari ya begi, akijua kwamba sasa mmoja wao atasema neno juu yake yeye, hata neno baya. Kwamba alikuwa mchangamfu. Kwamba alikuwa na hasira. Kwamba atakumbukwa kwa lolote. Wakazungumzia zipu. Wakazungumzia nani mwingine mtaani anashona na kama hapunji kitambaa. Maji kwenye beseni yakapoa, na Fundi, ambaye alitamani upweke kwa miezi, akaukuta umeshakuja siku nyingi, umekaa naye humo humo katikati ya watu wote wale. Alilia kidogo bila sauti. Halafu akajifuta kwa lile taulo, akaingia chumba cha ndani, akajitupa kitandani, usingizi ukamchukua.

*

Alichokisikia alipoamka ni mkoba ukikwaruza mlango.

"We Dada!" Hiyo ilikuwa sauti ya Redio. "Mbona saa hizi? Hata saa saba bado."

"Walimu wana kikao. Wameturudisha."

Fundi akaketi kitandani. Hilo hawakulipanga.

"Mama yuko wapi?" Dada akauliza.

"Hukuambiwa?" Redio akapunguza sauti, na hapo ujue alimhurumia kwelikweli, maana kupunguza sauti kwake ni kazi. "Mama kaondoka, ameamua kupumzika kidogo na nyinyi, mwanangu. Njoo kwangu ule."

"Kapumzika na sisi?"

"Mambo ya wakubwa hayo. Njoo."

"Asante. Nitamngoja."

"Utamngoja hapo juani?"

"Nitamngoja tu."

Redio akaguna, akaenda kwa mtoto wake aliyekuwa analia. Fundi alinyata mpaka chumba cha mbele, akakaa nyuma ya mlango. Kati yao palikuwa na ubao wenye unene wa vidole viwili. Alimsikia binti yake akitua mkoba, akikaa, akiegemea. Alisikia hata zipu ya mkoba.

Nitasema ukweli hata kama haupendezi: alitaka kunyamaza. Zilikuwa zimebaki saa nne. Mtoto hakuwa na homa, hakuwa na jeraha, jirani alikuwepo, chakula kipo. Saa nne tu, na mtoto angekuja kueleweshwa jioni. Fundi alikaa pale akiyapanga hayo kichwani, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa na akili. Alikaa hivyo dakika kumi nzima.

Halafu Dada akasema peke yake, taratibu, kama anayekariri somo: "Sitauliza kitu tena. Sitauliza kitu tena. Sitauliza."

"Dada," Fundi akaita kwenye uwazi wa chini ya mlango.

Mkoba ukaanguka.

"Usipige kelele. Usigeuke. Kaa hivyo hivyo."

"Mama? Uko ndani?"

"Niko ndani."

"Nani amekufungia?"

"Baba. Nimemwomba mimi."

Mtoto alifikiri. Anayefungiwa ndani, kwa ajuavyo yeye, ni mtu wa aina moja tu. "Umekosa nini?"

"Sijakosa kitu, mwanangu. Nimechoka."

"Umechoka na mimi?"

"Hapana," Fundi akasema. Lakini jibu lilichelewa kidogo, na mtoto alilisikia likichelewa. Fundi naye akajua limesikika. Akalaza shavu sakafuni ili mdomo uwe karibu na uwazi. "Nisikilize. Ile siku ya rula, wewe hukukosa. Soksi nilikuwa nimezianika mwenyewe, nikasahau. Nilikupiga kwa sababu ulikuwa karibu. Nikaogopa. Nikataka nikae mbali na kila mtu siku moja, nisije nikarudia."

"Haikuuma."

"Iliuma."

"Iliuma," Dada akakubali.

"Nisamehe, mwanangu."

Dada hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliuliza, "Umekula?"

"Wewe umekula?"

"Bado."

Fundi akaenda kwenye mkate, akakata kipande. Hakikupita. Akakikandamiza kwa kiganja, akakilalia kwa uzito wake wote mpaka kikawa chembamba kama karatasi, akakipenyeza. Vidole vya upande wa pili vikakipokea. Akapenyeza vitatu. Walikula hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, hakuna aliyemwona mwenzake.

"Unaongea na nani?" Redio akauliza akirudi.

"Nakariri shairi la shule."

"Hebu nisikie."

Na Dada, yule asiye na kifua, akalikariri shairi zima la faida za maji, mistari kumi na miwili, hakukosea hata neno. Fundi nyuma ya mlango akaduwaa. Redio alipoondoka kuteka maji, sauti ndogo ikaja chini: "Mama, nenda ukalale. Mtu akija nitamjibu mimi."

"Utakaa hapo mpaka saa kumi na moja?"

"Lala tu, mama. Mimi si nimezoea?"

Mwenye zipu alirudi. "Mama hayupo, sijui atarudi lini." Mwenye pasi akajibiwa vivyo hivyo, kwa adabu, na akaambiwa chumba cha tatu wana nyingine. Baadaye Redio akapita mbio. "Dada, mwanangu, nishikie huyu dakika mbili," na mtoto wa Redio akatua kwenye mapaja ya Dada. Fundi alisikia binti yake akimpigapiga mgongoni mtoto wa watu, akimbembeleza kwa maneno yale yale ambayo yeye Fundi humbembelezea Bonge, na kwa uchovu ule ule mwishoni mwa kila neno. Alipaswa kubomoa mlango. Mama mwingine angepiga yowe pale pale. Yeye alirudi kitandani, akalala. Alilala saa tatu nzima, usingizi mzito, mtamu, ambao hakuwa ameuonja tangu Bonge azaliwe, na binti yake akiwa zamu mlangoni. Aibu yake iko hapo, na hajaisema kwa mtu.

*

Mume alifika anahema, shati limemganda. Alikuwa amefika shule saa kumi, akakuta mlinzi na kuku. "Dada!" alipaza sauti tangu nje ya ua. "Mungu wangu, nimekutafuta njia nzima!" Alimkuta kizingitini, mtoto wa Redio amemlalia begani, mguu umemfa ganzi.

Akafungua kufuli mbele ya wapangaji waliokuwa wakianua nguo. Mlango ukasukumwa, na Fundi akatoka.

"Kumbe upo!" Redio akasema, kisha akaona ndoo.

Maana ndoo ilibidi itoke. Fundi aliishika kwa mikono miwili, mfuniko juu, akapita katikati ya ua, mbele ya mwenye zipu, mbele ya msichana wa chumvi, mbele ya Redio ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na habari ya kutangaza. Hakuna aliyemsalimu. Mmoja alimpisha njia zaidi ya ilivyohitajika. Alirudi na ndoo tupu, uso umemshuka, lakini mikono ilikuwa imetulia. Hilo mumewe alilitazama kwanza.

"Umepumzika?" akamuuliza walipoingia ndani.

"Nimepumzika."

"Kweli?"

"Kweli. Asante, baba watoto."

Mume akafurahi kama aliyemaliza nyumba nzima peke yake. "Basi tutafanya kila mwezi," akasema. "Ndoo tutanunua nzuri zaidi. Au siku hiyo nitakufungulia mara moja uende chooni, nitajua la kumwambia Redio." Akavua shati, akakaa, akaanza kueleza jinsi alivyokimbia kutoka shule.

Dada alikuwa anafagia makombo ya mkate pale mlangoni. Aliyakusanya, akayazoa kwa kipande cha karatasi, akayatupa. Kisha akasimama mbele yao, mikono nyuma, kama wanavyosimama shuleni wakitaka ruhusa.

"Na mimi siku yangu ni lini?"

"Siku yako ya nini?" babake akauliza.

"Ya kufungiwa."

Baba akacheka, akampapasa kichwa. "Sikia huyu! Wewe umechoka na nini, mtoto mdogo?" Dada hakucheka. Hakuwa anamtazama baba. Alikuwa anamngoja mama yake, naye Fundi aliyaona macho yale, makavu, ya mtu mzima, yana subira. Alitaka kumshika. Alitaka kumwambia siku, tarehe, saa. Akapiga hesabu ya haraka kichwani: majoho ya Jumapili, Bonge anayerudi sasa hivi, Jumatatu sare za shule. Alifungua mdomo, na neno lililotoka ni lile ambalo kila fundi humpa mteja.

"Kesho," alisema.

Dada amekulia chini ya cherehani ile. Anaijua kesho ya fundi ni siku gani. "Haya, mama," akajibu, akachukua ndoo ya maji, akaenda bombani kumtekea babake maji ya kuoga.